Ng'ombe wa Ukungu na Bakuli la Magadi

Naapa kwa udongo unaotulisha na kwa kaburi nitakalolazwa: haya yote ni kweli tupu, sikuyapunguza wala kuyatia chumvi. Kama humu ndani kuna neno moja la uongo, basi jogoo wangu mwekundu, yule anayewika mpaka masista wa Kifungilo wanageuka kitandani, na achinjwe, nami nipewe shingo tu.

Mzee Jafari wa Kwemhasha alistaafu kazi ya kutunza miche ya miti ya serikali, akaanza kazi ya kutunza uongo. Miche ilikuwa imemchosha. Mche unaupanda leo, unausubiri mpaka meno yaote kutu. Uongo hukua mtu akiwa bado anautamka. Na uongo wake haukuwa wa kumdhuru mtu. Ulikuwa wa kupashia moto. Mtu akifiwa, akiibiwa, akiunguliwa na jiko, Jafari alifika na buti zake za mpira, kiraka kwenye kisigino cha kushoto, akakaa jikoni, na kabla chai haijachemka mwenye msiba alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Huku kwetu milimani hata ng'ombe akiugua watu huenda kutoa pole. Mgeni atakayeshangaa hajui maisha yetu. Mlima umesimama wima, shamba limebanana na shamba, hakuna mahali pa kuchungia. Ng'ombe hukaa bandani maisha yake yote, na majani humfikia kichwani mwa mama wa nyumba. Ng'ombe wa namna hiyo anakijua kikohozi cha kila mtu pale nyumbani. Akiugua, nyumba imeugua. Basi majirani huja, na haji mtu mikono mitupu. Mwenye nyumba huletewa sukari au ndizi. Ng'ombe naye huletewa chake, kitita cha majani, pumba, au magadi ya kulamba.

Jafari alipeleka magadi. Alikuwa na bakuli la mti alilorithi kwa babu yake, kingo zake zimelainishwa na ndimi za ng'ombe waliokwisha kufa zamani. Akifika alilitundika kwenye nguzo ya banda, ng'ombe akalamba taratibu, macho yamefumbwa nusu, huku mwenyewe yuko jikoni anapanga uongo. Watu walisema bakuli lile lina baraka. Jafari hakukanusha.

Sasa, mwaka huo, mvua za vuli zilipokata, ugonjwa wa miguu na midomo ukaingia. Ng'ombe alianza kudondosha mate marefu kama uzi wa cherehani, ulimi ukachubuka, kwato zikauma hata kusimama ikawa adhabu. Maziwa yakakauka. Wakubwa wengi walipona baada ya mateso, lakini ndama walikuwa wanaanguka ghafla, kama mtu aliyeitwa.

Nzi hupenda vidonda. Ili kuwafukuza, watu walichoma majani mabichi bandani, yakatoa moshi mzito mweupe. Jafari aliuona moshi ule kutoka barazani kwake, maana nyumba yake iko juu ya mgongo wa kilima na bonde zima limelala chini kama shuka lisilotandikwa. Leo moshi mmoja kwa Sefania, karibu na chemchemi. Kesho miwili jirani yake. Kisha kimya. Halafu, ng'ambo ya mgongo wa pili, mwingine, na mwingine pembeni yake. Ilipanda polepole ikakutana na ukungu wa asubuhi, na mtu akitazama sana hakuweza kusema ni wapi moshi unaishia na ukungu unaanzia, wala kama yeye mwenyewe bado ameamka.

Pale kwa Sefania ndipo ng'ombe wa ukungu alipozaliwa. Sefania, mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alikuwa amepoteza ndama, akakaa kando ya jiko hasemi na mtu.

"Onga makeo, Sefania," Jafari akaamkia. "Ndama wako hakufa kwa bahati mbaya. Ameitwa. Nimemwona aliyemwita."

"Jafari, leo niache."

"Wallahi nimemwona! Alfajiri, natoka kuswali. Ng'ombe mweupe, mkubwa kama basi la Lushoto, anapanda na ukungu kutoka Mombo. Hana kivuli. Akipumua bandani, ng'ombe wako anatoa mate. Nikamwambia, mama, huku ni kwa mzee wa kanisa, pita mbali. Akanijibu kwamba huyo ndiye anayemtafuta, hajalipa sadaka."

Sefania alijizuia, akajizuia, tumbo likaanza kutikisika, na mwisho akacheka mpaka mkewe akaja kuchungulia. Huko nje, bakuli lilikuwa linalambwa.

Kutoka hapo hadithi ilitembea na mwenyewe. Kila nyumba aliyoitwa aliiongezea kitu: pembe za fedha, macho kama taa za lori. Na watu, kama ujuavyo, hucheka kwanza kisha huogopa. Wakaanza kuziba mabanda kwa migomba mikavu ukungu usipenye. Wakaziba kila tundu. Mlango wa pole ndio hawakuuziba.

Jirani wa karibu wa Jafari alikuwa Latifa, mjane kijana. Alikuwa na mtamba mmoja jina lake Subira, mweusi, mwenye mimba yake ya kwanza. Miaka miwili Latifa alimbebea majani kichwani, akateleza nayo kwenye tope, akaamka nayo, na Subira hajampa hata tone la maziwa. Sasa tumbo lilikuwa limeshuka, kiwele kimeanza kujaa. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa kinamngoja ndama: sufuria mpya ya maziwa ilikuwa imefunikwa kitambaa, haijaguswa moto. Latifa alijua vizuri kwamba ng'ombe mwenye mimba akishikwa na ugonjwa ule, ndama anaweza kutoka kabla ya siku zake, au akazaliwa akanyonya mara moja na kulala asiamke.

"Baba Jafari," alisema kwenye uzio, "uje na bakuli lako. Uje umwombee Subira kabla huyo mweupe wako hajafika huku."

"Nitakuja, mwanangu. Kesho baada ya adhuhuri. Akinikuta mimi mlangoni, atageuza."

Siku ya kwenda, Jafari alijilaza kidogo barazani juu ya gunia la pumba akingoja jua lipungue. Halikupungua, lilimezwa. Ukungu ulipanda kutoka bondeni bila hodi, ukafuta migomba, ukafuta choo, ukaja kumkalia miguuni kama paka. Na kutoka ndani yake akatokea ng'ombe, mweupe, bila kivuli. Jafari alimtambua, maana alimtunga mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," ng'ombe akasema.

"Marahaba," Jafari akajibu, kwani adabu ni adabu.

"Nimekuja kulalamika. Ulinitunga pembe, ukanitunga macho. Miguu ukasahau."

"Mbona unatembea?"

"Natembea kwa yako."

Jafari akatazama chini. Ukungu ulikuwa umefunuka kidogo pale tumboni mwa ng'ombe, na chini yake hapakuwa na kwato wala miguu. Palikuwa na nyayo tu zikiota zenyewe kwenye udongo mwekundu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, nyayo za buti ya mpira, na ya kushoto ina kiraka kisiginoni. Zilishuka bondeni. Alipoinua kichwa, ng'ombe yule akamlamba kiganja, na ulimi wake ulikuwa na ladha ya magadi. Kiganja ndicho kilichoonja, msiniulize vipi.

Aliposhtuka ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka na kuku walikuwa wanadonoa pumba za gunia. Akafuta kiganja kwenye shuka, akakifuta tena. "Njaa," akajiambia. Akachukua bakuli, akalijaza magadi, akashuka kwa Latifa.

Huko alimkuta mgeni. Afisa mifugo mpya, binti anayeitwa Happiness, alikuwa amepanda kwa bodaboda kutoka Lushoto, na kwa siku kadhaa alikuwa anazunguka bonde lile akiuliza maswali kutoka nje ya nyua. Hakukubali kuingia kwenye banda la mtu. Alikuwa na ndoo yake ya dawa, akiosha buti akifika na akiosha akiondoka, mpaka wanawake wakaanza kumwita Bibi Miguu. Hapo barazani kwa Latifa alikuwa amekaa mkekani, uso umechoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari? Nilidhani watatuletea mtu mzima."

"Watu wazima wameisha, mzee. Wamebaki wastaafu."

Latifa akacheka, na Jafari akampenda binti yule papo hapo. Bila kufikiri, kama anavyofanya siku zote, alinyoosha mkono akalitundika bakuli kwenye nguzo ya banda lililopakana na baraza, kisha akaja kuketi. Nyuma yake Subira alisimama ndani ya giza la banda, akanusa.

"Nimesikia wewe unauona moshi wote kutoka kwako," Happiness alisema. "Nisaidie. Nijue ulianza wapi, ukafuata wapi. Nikiwauliza wenyewe, kila mtu ananiambia umekuja na ukungu."

"Na ndivyo ulivyokuja. Nimemwona kwa macho—"

"Nimesikia, mzee. Pembe za fedha. Dada Latifa, una kanga?"

Latifa alileta kanga na ungo wa maharage aliyokuwa akichambua kwa jioni. Happiness aliitandaza kanga mkekani, akaifinyanga kwa vidole: hapa akainua mkunjo, huu mgongo wa kilima, hapa akaubonyeza, hili bonde, akachora kijito kwa unga kidogo alioomba jikoni. Jafari akainama. Ilikuwa ni kwao! Moshi wa jiko la Latifa ulitoka mlangoni ukapita chini, ukalala kwenye mabonde ya kanga kama ukungu wa saa kumi na mbili, na kwa muda mzee aliona kwamba angeweza kuiona hata nyumba yake mwenyewe, ndogo kama chembe ya mtama, na mtu amelala barazani.

"Moshi wa mwanzo tuuwekee maharage mekundu," Happiness alisema. "Uliofuata, ya njano. Wa juzi na jana, meusi."

Jafari aliweka. Mekundu kwa Sefania na majirani zake, pale chemchemi. Ya njano ng'ambo ya mgongo wa pili. Meusi kule chini, njia ya kwenda gulioni. Mkono wake ulikuwa na raha. Hakuna aliyewahi kumwomba aeleze jambo analolijua kweli.

"Sasa tazameni," Happiness akasema. "Ukungu unapita wapi asubuhi?"

"Unafuata kijito," Latifa akajibu. "Kila nyumba ya kijitoni inaumeza."

"Na kijitoni kuna harage?"

Hapakuwa na hata moja. Unga ulikuwa umelala peke yake, mweupe. Maharage yalikaa makundi makundi, mekundu kwao, ya njano kwao, meusi kwao, na katikati ya kundi na kundi uwanja mtupu, kama vile mtu ameruka.

"Basi huyo ng'ombe anachagua," Jafari alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kupungua maji.

"Anachagua kweli. Si kijito, si upepo. Ng'ombe hawa hawatoki bandani, kwa hiyo hawakukutana. Kuna kitu kinachotembea kutoka hapa, kinaruka hapa, kinatua hapa." Happiness alijikuna shingo. Kisha, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, akauliza: "Na hiyo hadithi yako, mzee, umeisimulia wapi na wapi? Maana kila mahali naikuta imenitangulia."

Hapo ndipo majivuno yalipomponza. Jafari alinyoosha kidole.

"Ya kwanza, hapa kwa Sefania. Alicheka, mzee wa kanisa, nusura azimie!" Kidole kikagusa harage jekundu. "Majirani zake nao wakaniita. Halafu kukawa na pole huku ng'ambo, kwa shemeji yake Sefania, nikapewa chai ya tangawizi." Kidole kikatua kwenye la njano. "Wakaniomba nipite na hapa, na hapa. Kisha kule njia ya gulioni, hapo niliongeza macho ya lori, watoto wakajificha uvunguni..." Kidole kilikuwa juu ya harage jeusi, na hakikuinuka.

Moshi ulipita kwenye mabonde ya kanga. Jafari alitazama kidole chake kama cha mtu mwingine, akaona njia kiliyopitia, kulia, kushoto, kulia, kushoto.

"Ulikwenda mikono mitupu, mzee?" Happiness aliuliza taratibu.

"Sijawahi," Jafari alinong'ona. "Siendi mikono mitupu kwenye nyumba yenye..."

Nyuma yao kitu kiligonga mti. To.

Subira alikuwa ametoa kichwa chote nje ya banda. Ulimi wake, mrefu, wa kijivu, ulikuwa umenyooka kuelekea nguzoni, ukipapasa hewa karibu kabisa na ukingo wa bakuli.

Latifa alipiga yowe. Na hapa, wasomaji, jueni kwamba magoti ya Mzee Jafari yalikuwa yamekataa kupanda ngazi ya msikiti kwa mwaka mzima. Aliruka. Aliruka juu ya kanga, juu ya milima na mabonde, akawapita Sefania na shemeji yake, akalidaka bakuli, na magadi yakammwagikia kifuani. Subira akarudisha ulimi wake mtupu, akamtazama kwa masikitiko.

"Halikumgusa," Jafari alihema. "Sema halikumgusa!"

Latifa alikuwa ameshika shingo ya ng'ombe wake kwa mikono yote miwili.

"Halikumgusa," Happiness alisema. "Nilikuwa naliangalia."

"Ulikuwa unaliangalia? Tangu lini?"

"Tangu ulipolitundika. Nyumba zote zimenieleza habari za bakuli la baraka, mzee. Ila kila mmoja alilisifia peke yake. Sikuwa na hakika lilipita kote." Akasimama. "Mate ya mgonjwa yanabaki ukingoni, mwingine anayalamba. Buti nazo. Kamba nazo. Si wewe peke yako, wote mnapeana pole namna hii."

"Lakini mimi ndiye mwenye miguu mirefu," Jafari alisema.

Aliingia jikoni kwa Latifa mwenyewe, akaliweka bakuli la babu yake kwenye mafiga. Mti ule mkavu ulishika haraka. Alisimama pale mpaka likawa jivu, na Latifa, ambaye alikuwa na haki ya kumfukuza, alimletea kigoda.

Kwa muda wa karantini Jafari alilipa. Magadi yake yote yaliyobaki, gunia zima, Happiness alimwagiza ayayeyushe kwenye maji ya moto, yawe makali, ya kuoshea buti na mikono. Akakaa njia panda na ndoo, asubuhi mpaka magharibi, na hakupita mtu wa Kwemhasha bila kuinua mguu. Pole zilitolewa pale pale, kwa kupaza sauti ng'ambo hadi ng'ambo ya bonde. Usiombe umsikie Sefania akitoa pole kwa ile sauti yake. Na moshi mweupe, mmoja mmoja, ukazimika. Haukuruka tena.

Subira alizaa alasiri moja yenye ukungu mwepesi, ndama jike, mzima, akasimama kabla Latifa hajamaliza kulia. Na kwenye paji la uso, naapa tena, ndama alikuwa na alama nyeupe ya duara, kama bakuli.

Hapa ndipo nilipofika niliposimulia habari hizi nyumbani kwa Latifa, siku tulipoitwa kula dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, yamechemshwa kwenye ile sufuria mpya mpaka yameganda. Tulikuwa tumeosha miguu. Mke wangu Klara alikuwapo, Jafari yupo, na mimi nilikuwa nimeinua kijiko hewani ili alama ile ya bakuli iwaingie vizuri.

"Alama gani?" Latifa aliuliza.

Ndama alichungulia kutoka bandani, kama aliyeitwa shahidi. Alikuwa mweusi ti, kama chungu, kuanzia pua mpaka mkia.

"Labda ni upande ule mwingine," nikasema.

"Wa paji la uso?" Klara akauliza.

Jafari akaweka bakuli lake la plastiki chini, akajifuta ndevu. "Na mimi nina langu. Hiyo ndoto. Mimi mchana silali, kijana wewe. Na ng'ombe niliyemtunga alikuwa na miguu minne, nilimwekea mwenyewe. Mimi ni mwongo, sikatai, bakuli la babu yangu limekwenda kwa sababu ya mdomo huu. Lakini sijawahi kumwotea mtu ndoto yake!"

"Wewe uliniambia!"

"Nilikuambia nilisinzia. Ng'ombe umemleta wewe."

Nikamtazama Klara anitetee. Klara alikuwa ameshasimama, anajifunga kanga kiunoni.

"Na masista wa Kifungilo," alisema, "hawajawahi kumsikia jogoo yule. Hata mimi simsikii, na analala nyuma ya jiko langu."

Akatoka. Tulisikia mbio kidogo uani kwangu hapo jirani, kelele, halafu akarudi na jogoo kwapani. Jafari alikwisha kunoa kisu kwenye jiwe la mlangoni, maana huku kwetu kuku wa kuliwa na wote huchinjwa na Mwislamu, naye siku hiyo aliifanya kazi hiyo kwa uchangamfu usiomstahili mzee. Latifa alipika. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukasimama mlangoni, ndama akaulamba hewani, na hakuna aliyeuogopa.

Wali ulipopakuliwa, Sefania, aliyetokea kusikojulikana kama ilivyo kawaida ya harufu ya kuku kumwita, alipewa paja. Jafari akapewa kidari. Sahani yangu ilizunguka mwisho, na ndani yake, imejikunja vizuri pembeni ya wali, palikuwa na shingo.